Kuwasha Upya Si Kutengeneza! Soma Logi Kwanza, Bwana Fundi

Najua nimenyamaza siku nyingi, kazi zimenibana. Leo nimerudi, na sikuja na porojo. Nina jambo limenikaa rohoni na siwezi kulimeza tena.

Jambo lenyewe ni hili: fundi ambaye dawa yake ya kwanza na ya mwisho ni kuzima seva na kuiwasha tena, huyo si fundi. Ni mlinzi wa swichi. Tena anafanya baya zaidi ya kutojua kazi: anafuta ushahidi. Na ushahidi ukishafutika, lawama hutafuta mtu wa kumwangukia, na mara nyingi humwangukia aliye mdogo kuliko wote ofisini. Nimeliona hili kwa macho yangu huku Changamwe, na leo nalisema.

Kwa wale ambao si watu wa fani hii, nitaeleza kwa ufupi. Mifumo mingi ya maofisini unayoifungua kwa kivinjari imeandikwa kwa Java, na haijiendeshi yenyewe. Huwekwa ndani ya programu nyingine inayopokea maombi ya watumiaji na kurudisha majibu. Maarufu kati ya hizo ni Tomcat. Ilianzia kampuni ya Sun Microsystems mikononi mwa James Duncan Davidson, na mwaka 1999 Sun wakaikabidhi kwa Apache Software Foundation. Ni ya bure, ni huria, na ukiisakinisha bila kubadili kitu husikiliza kwenye poti 8080. Na ina tabia moja nzuri sana: huandika karibu kila linaloisibu ndani ya folda inayoitwa logs. Hiyo tabia ndiyo habari yetu ya leo.

YALIYONIKUTA YADINI

Mwaka 2023 nilipigiwa simu na meneja wa yadi moja ya makontena huko Changamwe. Jina la yadi naliweka kando. Nikatoka Kisauni alfajiri, nikavuka daraja la Nyali, nikakata kisiwa, nikapita Makupa. Kufika, nakuta malori yamepanga foleni mpaka nje ya lango. Madereva wamejilaza chini ya matrela kukimbia jua, matanboi wanakunywa chai kwa mahamri. Lori halitoki bila karatasi ya lango, karatasi inatolewa na mfumo, na mfumo umeganda.

Meneja hakunipa hata kiti. "Fundi, mimi sitaki hadithi," akaniambia. "Nataka unionyeshe huyu kijana ameharibu wapi, nimalizane naye."

Kijana mwenyewe alikuwa karani wa zamu ya usiku, mtu wa Likoni, anayevuka feri kila siku kuja kazini. Alikuwa ameshapewa barua ya onyo na amekatwa mshahara miezi miwili. Kosa lake? Meneja alikuwa ameandika kwenye daftari kila siku mfumo ulipoganda, na karibu kila mara aliyekuwa kwenye kiti ni kijana huyu. "Hesabu haidanganyi," meneja akasema. Na kwa kweli, ukiitazama ile daftari, hata mimi ningeamini.

Kijana akanisogelea, sauti ya chini: "Kaka, wallahi sijagusa kitu. Naandika jina la mteja, nabonyeza tafuta, basi."

Nikauliza, mfumo ukiganda mnafanyaje? Nikaonyeshwa skripti waliyoachiwa na fundi aliyenitangulia. Ilikuwa mistari mitatu:

bin/shutdown.sh
rm -rf logs/*
bin/startup.sh

Mstari wa katikati ndio ulionipandisha damu. Kila asubuhi wanazima seva, wanafuta logi zote, wanawasha. Nilipouliza sababu nikaambiwa kwamba logi zilikuwa zinajaza diski. Hebu fikiria polisi anayechoma faili za kesi kwa sababu kabati limejaa, halafu anamshika mtu wa kwanza aliyepita njiani!

DAKIKA MBILI

Meneja alitaka niwashe upya papo hapo. "Malori yangoja!" Nikamwambia, "Bosi, yamengoja saa tatu. Nipe dakika mbili zaidi." Akakubali shingo upande.

Katika dakika mbili hizo nilifanya mambo mawili. Nilinakili folda nzima ya logs mahali pengine. Kisha nikachukua picha ya kila thredi kwa amri ya jstack, mara tatu, nikipumzika sekunde kumi kati ya moja na nyingine. Thredi ni kama kibarua ndani ya Tomcat: kila ombi la mtumiaji hushikwa na kibarua mmoja. Kwa kawaida Tomcat ina nafasi ya vibarua 200. Baada ya hapo nikawasha, malori yakaanza kutoka, kelele ikapungua. Nikaketi kusoma.

Picha zote tatu zilisema jambo moja. Vibarua karibu wote walikuwa wamesimama mahali pamoja, kwenye mstari wenye maneno GenericObjectPool.borrowObject. Maana yake: wote walikuwa wanangoja kupewa muunganisho wa kwenda kwenye hifadhidata. Seva haikuwa imekufa. Ilikuwa imepanga foleni.

NDOO NANE

Wenyeji wa Kisauni mtanielewa haraka. Chukua kisima cha mtaa chenye ndoo nane. Kila mtu huazima ndoo, huchota, huirudisha. Kazi inakwenda. Sasa aje mtu mmoja achukue ndoo aende nayo nyumbani asirudishe. Zimebaki saba. Kesho mwingine. Ndoo ya nane ikipotea, kisima kimejaa maji lakini hakuna anayechota, na foleni inakua.

Miunganisho ya hifadhidata ndizo ndoo zenyewe. Lakini kwa nini nane? Nikafungua faili la mipangilio nikakuta fundi ameandika maxActive="100". Mia moja! Basi nane zimetoka wapi?

Jibu lilikuwa kwenye logi, karibu na mwanzo kabisa. Yadi ilikuwa ikitumia Tomcat 7, ambayo Apache waliacha kuihudumia mwisho wa Machi 2021. Fundi akahamia Tomcat 9, jambo jema, lakini akabeba mipangilio ya zamani kama ilivyo. Kuanzia Tomcat 8 majina yamebadilika: maxActive imekuwa maxTotal, na maxWait imekuwa maxWaitMillis. Ukiandika jina la zamani, Tomcat hailalamiki kwa kelele. Inaandika onyo moja kwenye logi: kwamba maxActive haitumiki tena, tumia maxTotal, kiwango cha kawaida ni 8, na ile 100 uliyoiweka inapuuzwa. Imeeleza yote, mpaka namba! Na onyo hilo lilikuwa likiandikwa upya kila asubuhi seva ilipowashwa. Kila asubuhi seva inasema, na hakuna anayesikiliza.

Na ile maxWait je? Nayo ilipuuzwa vilevile. Usipoiweka kwa jina jipya, kibarua atangoja ndoo milele. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kitu. Kimya tu, na skrini inazunguka.

NANI ALIKUWA ANAPOTEZA NDOO?

Hapa sasa ndipo pa kumsafisha kijana. Kwenye logi nilizonakili kulikuwa na makosa ya SQL, machache, yote yakitoka kwenye ukurasa mmoja wa kutafuta kontena kwa jina la mteja. Nikayahesabu: manane. Na yote manane yalitokana na jina lenye herufi ng'.

Umeona mambo hayo? Aliyeandika programu aliunganisha jina la mteja moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL. Alama ile ya ' katika ng' kwa hifadhidata ni mwisho wa maneno. Kwa hiyo ukitafuta Ng'ang'a, sentensi inavunjika, Java inarusha kosa, na msimbo unaruka mstari wa kufunga muunganisho. Ndoo moja imekwenda. Rudia mara nane, kisima kimefungwa.

Na kwa nini daima zamu ya kijana? Kwa sababu mteja mmoja mkubwa mwenye ng' katika jina lake huleta malori yake usiku! Kijana alikuwa anafanya kazi aliyoajiriwa kufanya: kuandika jina la mteja jinsi linavyoandikwa. Hesabu ya meneja haikudanganya, lakini ilionyesha nani alikuwepo tu. Nini kilitokea, hilo lilikuwa kwenye logi, na logi zilikuwa zinafutwa na skripti ya fundi.

Nikamwita meneja. Nikampa kibodi aandike jina lile mwenyewe, mara nane, kwa kidole chake. Mfumo ukaganda mbele yake. Hakusema neno kwa muda. Barua ya onyo ilifutwa wiki ile. Pesa alizokatwa kijana hazikurudi.

DAWA ZA KUBAHATISHA

Fundi aliyenitangulia hakuwa amekaa bure. Alikuwa amejaribu dawa mbili, zote kanakili mahali bila kuzielewa.

Ya kwanza, alipandisha maxThreads kutoka 200 hadi 1000. Ndugu zangu, hiyo ni sawa na kupanua banda la kungojea pale Likoni bila kuongeza feri. Watu wengi zaidi watapata kivuli cha kungojea, lakini hakuna atakayevuka mapema.

Ya pili, aliipa Java gigabaiti 4 za kumbukumbu kwa -Xmx4g, kwenye mashine yenye gigabaiti 4 jumla, ambayo pia inaendesha MySQL! Shida haikuwa kumbukumbu, na sasa alikuwa ameongeza shida ya pili.

Kunakili mipangilio ya zamani kuna hatari nyingine. Februari 2020 ulitangazwa udhaifu wa Tomcat uliopewa jina Ghostcat, namba CVE-2020-1938, kwenye kiunganishi cha AJP cha poti 8009 ambacho zamani kilikuja kikiwa wazi. Kuanzia toleo 9.0.31 kiunganishi hicho huja kimefungwa. Lakini ukibeba server.xml ya zamani ukaibandika kwenye seva mpya, unakirudisha kwenye mipangilio kwa mkono wako. Unakili, basi angalau usome ulichonakili.

Kukwama ni homa, si ugonjwa. Hapa pwani tunajua: homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa dengi, inaweza kuwa chikungunya. Daktari anayempa kila mwenye homa dawa ileile bila kupima, ungempelekea mwanao? Basi kwa nini seva yako unampelekea fundi wa aina hiyo? Logi ndiyo maabara. Ukikuta OutOfMemoryError, kumbukumbu ya Java imejaa. Ukikuta No space left on device, diski imejaa. Ukikuta Address already in use, poti imeshikwa na programu nyingine. Ukikuta Communications link failure asubuhi baada ya usiku mtulivu, huenda MySQL imekata miunganisho iliyolala, maana kwa kawaida huikata ikikaa kimya sekunde 28800, yaani saa nane. Magonjwa manne, na kwa mtumiaji yote huonekana sawa: "mfumo umekwama."

"LAKINI FUNDI..."

Najua mtakayoniambia.

"Malori yangoja, hakuna muda wa kusoma." Sikukataza kuwasha upya. Hata mimi niliwasha. Nakataza kuwasha KABLA ya kuchukua ushahidi, na nakataza kuishia hapo. Dakika mbili leo, au saa tatu kila wiki kwa mwaka mzima, chagua.

"Logi zinajaza diski." Kweli zinajaza. Basi zigawe kwa siku, zikandamize, futa zilizopita mwezi. Programu ya logrotate ipo kwenye Linux kwa kazi hiyo hiyo. Usifute ya leo.

"Programu si yetu, msimbo hatunao." Ndiyo maana unahitaji logi zaidi ya mwenye msimbo! Mpelekee aliyekuuzia jina la faili na namba ya mstari. Ukimwambia "mfumo wenu mbovu" atakujibu "washeni upya". Ukimpa mstari wenyewe, hana pa kujificha.

"Logi ni ndefu na za Kiingereza." Huzisomi zote. Tafuta maneno matatu: SEVERE, WARNING na Caused by. Anza na kosa la KWANZA kwa saa, maana yanayofuata mara nyingi ni watoto wake.

UTARATIBU WANGU

Haya, bandikeni ukutani:

1. Andika saa kamili tatizo lilipoanza.
2. Angalia diski kwa df -h na kumbukumbu kwa free -m.
3. Chukua picha za thredi mara tatu kwa jstack, ukitumia akaunti ileile inayoendesha Tomcat. Kama jstack haipo, kill -3 na namba ya mchakato itaandika picha ndani ya catalina.out. Usiogope, amri hiyo haiui Java.
4. Nakili folda ya logs. Kama Tomcat inaendeshwa na systemd, angalia pia journalctl.
5. SASA washa upya.
6. Soma. Usiende nyumbani kabla ya kusoma.

Na kwa miunganisho ya hifadhidata, hivi ndivyo nilivyoacha pale yadini, kwa Tomcat 9:

maxTotal="30"
maxWaitMillis="10000"
removeAbandonedOnBorrow="true"
removeAbandonedTimeout="120"
logAbandoned="true"

Ya kwanza ni ndoo thelathini, chini ya kikomo cha MySQL ambacho kwa kawaida ni miunganisho 151. Ya pili: ukingoja sekunde kumi bila ndoo, lalamika na uandike kosa. Kosa linalosema ni bora kuliko kimya. Ya tatu na ya nne: ndoo zikikaribia kwisha, iliyokaa nje zaidi ya dakika mbili irudishwe kwa nguvu. Ya tano ndiyo tamu: iandikwe kwenye logi ni mstari upi wa programu uliochukua ndoo bila kurudisha. Angalizo: kama una ripoti halali inayochukua dakika tano, 120 itaikata katikati. Pima kwako.

Lakini hiyo ni bandeji. Tiba ni kwenye msimbo. Tangu Java 7 ya mwaka 2011 kuna namna ya try inayofunga muunganisho yenyewe hata kosa likitokea. Na jina la mtu lipitishwe kwa PreparedStatement yenye alama ya kuuliza, si kwa kuunganisha maneno. Hilo si suala la ng' peke yake: mlango uliovunjwa na jina halali kwa bahati mbaya, mwizi atauvunja kwa makusudi.

KWA NINI NINAPIGA KELELE

Utasema, ni malori tu. Si malori tu. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, umeandikwa kwa Java na kwa kawaida huendeshwa ndani ya Tomcat. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu ya OpenMRS. DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kenya iliichukua mwaka 2011 kwa takwimu za afya za taifa zima, nayo ni ya Java. Kwa hiyo siku moja foleni itakuwa ya akina mama na watoto, si ya matrela, na atakayesimamishwa mbele ya mkubwa kujibu mashtaka atakuwa muuguzi au karani aliyekuwa kwenye kiti saa mfumo ulipoganda.

Siku hiyo anahitaji fundi anayesoma. Mlinzi wa swichi hatamsaidia.

Yule kijana wa Likoni sasa logi anazisoma mwenyewe. Nilimfundisha siku ileile, tukiwa tumekaa juu ya kreti nje ya ofisi, na haikuchukua hata saa moja. Juzi alinipigia: "Kaka, seva imeleta WARNING, nimeshajua ni nini, nilitaka tu kukwambia." Nilifurahi kuliko siku niliyolipwa.

Basi wewe mwenye skripti yenye rm -rf logs/*, najua upo. Ifungue leo, ufute mstari huo. Tuanzie hapo.